Sura ya Sita: Rafu ya Katanga

Kabla ya kuwa jimbo, Katanga alikuwa mtu. Alikuwa chifu katika nchi ya mto Lufira, na ardhi yake ilikuwa na shaba. Wafanyabiashara wa pwani walilijua jina lake, hata wale ambao hawakupata kumwona wala kukanyaga kwake. Katika karne ya 19, mtu wa Tabora au Ujiji akisema shaba hii imetoka Katanga, alikuwa anasema imetoka kwa fulani. David Livingstone alilisikia jina hilo njiani akaliandika katika shajara zake, ambazo zilichapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake. Alitamani kuyaona machimbo hayo na hakuyaona. Verney Lovett Cameron naye alivuka bara kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki, akaisifu shaba ya Katanga katika kitabu chake cha 1877, na hakufika pia. Jina lilikwishaanza kusafiri kwenye vitabu vya watu waliolipata kwa kusikia tu.

Sura hii inafanya jambo ambalo mkutubi mwenye akili timamu hawezi kulifanya. Inakusanya vitabu vyenye jina Katanga kwenye jalada na kuvipanga kwenye rafu moja, bila kujali lugha, mwaka wala somo. Vinavyopatikana ni mchanganyiko wa ajabu: daktari wa msafara, mwanadiplomasia, mwandishi wa habari, kanali wa Kifaransa, mtafiti wa siasa, mtunzi wa riwaya za mapigano, watunzi wawili wa vibonzo. Ukiwatazama wote kwa pamoja unaona jambo moja kabla hujafungua ukurasa hata mmoja. Karibu wote walikuja wakaondoka. Wenyeji wa hapa Katanga, walipoandika, mara nyingi jina hilo waliliacha nje ya jalada wakaweka lingine. Ukiuliza kitabu kuhusu Katanga kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika mjini Lubumbashi, usishangae ukijibiwa kwa swali: "Papa, ya vita ao ya Gécamines?" Gécamines ni kampuni ya madini ya hapa, na hilo ni swali la mtu anayeijua bidhaa yake.

Tuanze na daktari. Joseph Moloney alichapisha kitabu chake London mwaka 1893, na jina lake kwa Kiingereza, With Captain Stairs to Katanga, linatuambia kwamba alikwenda Katanga pamoja na Kapteni Stairs. William Stairs, mzaliwa wa Kanada, aliongoza msafara uliotoka Bagamoyo katikati ya mwaka 1891 ukiwa na mamia ya wapagazi, wengi wao walioajiriwa Zanzibar. Kazi yao ilikuwa kuitwaa nchi ya Msiri kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kabla watu wa Cecil Rhodes hawajaifikia. Msiri mwenyewe hakuwa mtu wa Lufira. Alizaliwa Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, akiitwa Ngelengwa, akaja na misafara ya biashara, akabaki, na akajijengea dola yenye makao makuu Bunkeya. Mnamo Desemba 20, 1891, alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji wa msafara huo, na Bodson naye akauawa katika tukio hilohilo. Baada ya hapo njaa na maradhi vikawamaliza wengi waliokuwa Bunkeya. Stairs alifia njiani akirudi, huko Chinde kwenye mlango wa Zambezi, Juni 1892. Ndiyo maana daktari ndiye aliyeandika.

Miaka minne kabla ya Moloney, mmishonari Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886 na kuishi chini ya Msiri, alikwishatoa kitabu kuhusu nchi ileile. Hakukiita Katanga. Alikiita Garenganze, jina la dola ya Msiri, kwa sababu ndilo alilolikuta likitumika kwenye nchi aliyokuwa mgeni wake. Moloney hakuwa mgeni wa mtu. Aliletwa na kampuni iliyoundwa Brussels mwaka huohuo wa 1891 na kubatizwa Compagnie du Katanga. Mtu aliyekwenda kuitwaa nchi aliijua kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi za kampuni, na kwa hiyo chifu wa zamani wa Lufira, ambaye Msiri alikwishamfunika kabisa kwa nguvu, akapanda juu ya jalada wakati Msiri mwenyewe hayupo. Sidhani kama Moloney alilifikiria hilo. Lakini rafu yetu inaanza na kitabu ambacho jina lake ni la mwenye hisa.

Wana wa Msiri walipopata nafasi ya kuandika, waliandika vingine. Mnamo 1967, Lubumbashi, ilitoka kazi ya Mwami Antoine Mwenda Munongo iitwayo Pages d'histoire yeke, yaani kurasa za historia ya Wayeke. Huyu ni mjukuu wa ukoo wa Msiri na ndugu wa Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa serikali iliyojitenga ya Katanga. Familia ambayo mmoja wao alikuwa nguzo ya taifa lililojiita Katanga ilipokaa kuandika habari zake yenyewe iliweka jina la watu wake. Nakipenda kitabu hiki kuliko cha Moloney, ingawa Moloney anasomeka haraka zaidi.

Baada ya hapo jina likawa mali ya ofisi. Comité Spécial du Katanga iliundwa mwaka 1900 kusimamia ardhi, na Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906 kuchimba madini. Mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa mwaka 1910, ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji, na moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba ukaanza kupanda mwaka uliofuata. Vitabu vya kipindi hiki vyenye Katanga jaladani ni vya sherehe na hesabu. René Cornet aliandika habari za nchi ilivyokuwa kabla ya Wabelgiji na msafara wa Bia, Francqui na yule mwanajiolojia Jules Cornet. Mnamo 1950, Comité ilipotimiza miaka 50, kikatoka kitabu kinene cha picha na sifa kiitwacho Terre katangaise. Ni vitabu vya kuvipitia kwa vidole. Mwafrika anayeonekana humo yuko mbali, ameshika koleo.

Kitabu kilichotoka Elisabethville na kusomwa dunia nzima hakikuwa na jina hilo. Mwaka 1945 mfransisko Placide Tempels, aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba, alichapisha humu mjini kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu. Paris kikachapishwa tena mwaka 1949, na tangu hapo wanafalsafa wa Afrika wamekuwa wakikigombania, wengine wakikishukuru, wengine wakikilaani. Tempels alichukua mawazo ya watu wa sehemu moja akayapa jina la nusu ya bara. Angeandika "falsafa ya Waluba wa Katanga" angekuwa mkweli zaidi na asingesomwa na mtu.

Sasa tufike pale rafu inapojaa hadi kupinda. Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo, alitangaza kujitenga kwa Katanga Julai 11, 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Kongo. Union Minière ikawa inalipa kodi kwake badala ya kulipa serikali kuu ya Léopoldville, na hizo ndizo pesa zilizowezesha taifa hilo kuwa na askari, bendera, stempu na mamluki. Patrice Lumumba aliletwa Elisabethville kwa ndege akauawa karibu na mji huu Januari 17, 1961. Umoja wa Mataifa ulipigana na jandarmeri ya Katanga Septemba na tena Desemba mwaka huo, na katika vita vya kwanza katibu mkuu wake, Dag Hammarskjöld, alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola, usiku wa kuamkia Septemba 18. Tshombe alisalimu amri Januari 1963. Miaka miwili na nusu tu, lakini ndiyo iliyozaa vitabu vingi vya rafu hii.

Kilicho bora kwa maandishi ni cha Conor Cruise O'Brien, Mwairishi aliyekuwa mwakilishi wa Hammarskjöld Elisabethville kuanzia Juni 1961. Aliamuru, au kwa maneno yake alidhani ameamriwa, operesheni ya Septemba iliyogeuka vita. Desemba aliacha kazi, na mwaka 1962 kikatoka To Katanga and Back. Safari ya kwenda Katanga na kurudi: jalada lenyewe linakiri kwamba mwandishi yuko nyumbani tayari. Ni kitabu cha mtu mwenye hasira na kalamu kali, kinachochekesha pale ambapo usingetarajia kucheka, na kinachomtetea mwandishi wake kila ukurasa. Anawaeleza mabalozi, makanali na walowezi kwa namna ambayo unawaona wakitembea. Wakazi wa Kamalondo na Kenya (Lubumbashi ina wilaya inayoitwa Kenya, na hakuna anayeona ajabu) wanapita nyuma ya jukwaa. Kambi ya wakimbizi, wengi wao Waluba, ambayo iliwakusanya makumi ya maelfu ya watu pembeni ya mji, ina sehemu yake katika kitabu kama tatizo la utawala.

Mwaka huohuo Smith Hempstone, mwandishi wa habari wa Marekani, alitoa kitabu chake, kilichoitwa Katanga Report kwa wasomaji wa London. Wakenya watalikumbuka jina la mwandishi kwa sababu nyingine. Ni huyuhuyu Hempstone aliyekuja kuwa balozi wa Marekani Nairobi kuanzia 1989 hadi 1993 na kugombana hadharani na serikali ya Rais Moi kuhusu vyama vingi. Ukisoma kitabu chake cha Katanga, ambamo anamwonea Tshombe huruma na kuudhika na Umoja wa Mataifa, unamwona tayari balozi yule asiyeweza kunyamaza.

Kanali Roger Trinquier alikuja na nadharia. Huyu alikuwa bingwa wa Kifaransa wa vita dhidi ya waasi, mwenye uzoefu wa Indochina na Algeria, na Tshombe alimwita aje aongoze jandarmeri mapema mwaka 1961. Wabelgiji hawakumtaka, na hakupata kuiongoza. Hata hivyo mwaka 1963, pamoja na wenzake wawili, alichapisha Notre guerre au Katanga, vita vyetu Katanga. Vita ambavyo hakuviongoza, katika nchi ambayo hakukaa, na bado kwenye jalada ni "vyetu".

Kitabu kitakachoishi kuliko vyote vya kundi hili hakina hadithi hata moja. Jules Gérard-Libois, mtafiti wa Brussels katika kituo cha CRISP, alikusanya mikataba, barua, hesabu za fedha na maagizo, akatoa Sécession au Katanga mwaka 1963, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata Marekani mwaka 1966. Kinachosha. Lakini kila aliyeandika baada yake amekopa kwake, na anayetaka kujua nani alilipa nini, lini, kupitia benki gani, hana pa kwenda kwingine kwa kuanzia. Naye Tshombe? Alipoandika kumbukumbu zake, zilizotoka 1966, zilihusu miezi 15 aliyokuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Mtu aliyelifanya jina Katanga lijulikane hadi kwa watoto wa Ulaya hakuliweka kwenye jalada lake.

Watunzi wa hadithi hawakusita. Wilbur Smith, aliyezaliwa Rhodesia Kaskazini, ng'ambo tu ya mpaka wa Ukanda wa Shaba, alichapisha mwaka 1965 riwaya kuhusu mamluki wanaotumwa kwa treni kutoka Elisabethville kwenda kuwaokoa watu waliozingirwa, na kuchukua almasi. Uingereza iliitwa The Dark of the Sun. Wachapishaji wa Marekani waliona jina hilo halitoshi wakaiita The Train from Katanga. Neno Katanga lilikuwa limeshakuwa kionjo, lenye harufu ya baruti, na liliuza. Zaidi ya nusu karne baadaye Wafaransa wawili, Fabien Nury na mchoraji Sylvain Vallée, walitoa mfululizo wa vibonzo vya watu wazima uitwao Katanga, sehemu tatu kati ya 2017 na 2019. Kazi ya picha ni nzuri sana. Sehemu ya kwanza inaitwa Diamants. Tena almasi! Almasi za Kongo zinajulikana kuwa ni za Kasai, ambayo wakati ule ilikuwa na kujitenga kwake yenyewe chini ya Albert Kalonji. Hapa ni shaba na kobalti, na urani ya Shinkolobwe. Lakini shaba haiwezi kutiwa mfukoni na shujaa anayekimbia, kwa hiyo watunzi wawili wasiojuana, mmoja wa 1965 na mwingine wa 2017, wameipa Katanga jiwe lisilo lake.

Huu ndio wakati jina lilipotoka nchini likaenda kuishi maisha yake. Kati ya Makerere na Mulago, Kampala, kuna bonde la nyumba za mabanzi linaloitwa Katanga. Wanafunzi wa bweni moja la chuo kikuu cha Kumasi, Ghana, wanajiita Katanga hadi leo. Mei 1968, kikundi cha vijana wababe waliojifanya walinzi wa Sorbonne wakati wa machafuko ya Paris waliitwa les Katangais. Mwaka 1981 nahodha wa meli katika sinema ya Indiana Jones alikuwa Kapteni Katanga. Mtu anayetafuta "Katanga" kwenye katalogi ya maktaba kubwa atakutana na hawa wote kabla hajakutana na mfanyakazi mmoja wa Union Minière.

Kisha Rais Mobutu akalifuta jina. Nchi ikawa Zaire mwaka 1971, na jimbo likaitwa Shaba. Hakuna aliyeteswa na majina haya kwenye majalada kama mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Alifanya utafiti wake wa kwanza hapa miaka ya 1966 na 1967, kuhusu Jamaa, lile vuguvugu la ndani ya Kanisa Katoliki lililoanzishwa na Tempels yuleyule miongoni mwa wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi. Kitabu kilitoka 1971 kikiwa na neno Katanga kwenye jina lake, mwaka uleule jina lilipokuwa linaondolewa. Akaja kufundisha Lubumbashi miaka ya 1970. Mwaka 1990 alitoa kitabu kuhusu kikundi cha maigizo cha Mufwankolo, safari hii akiandika kwa uangalifu Shaba, Zaire. Mwaka 1996 akatoa kingine, kizuri kuliko vyote, kuhusu michoro ya historia nchini Zaire. Mwaka mmoja baadaye Laurent Kabila aliingia Kinshasa, Zaire ikafa, na Shaba ikarudi kuwa Katanga. Ni vigumu kumwonea mtaalamu huyu wa wakati huruma, maana kitabu chake maarufu zaidi kinahusu jinsi wanaanthropolojia wanavyokosea kuhusu wakati.

Lakini Fabian ndiye aliyetufungulia mlango wa upande wa pili wa rafu. Michoro ile ya kitabu cha 1996 ni ya Tshibumba Kanda Matulu, kijana aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 na kuishi kwa kuuza picha kwa familia za kawaida za kutundika sebuleni. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia nzima ya nchi, michoro 101, kuanzia enzi za kabla ya wakoloni hadi siku zake, na akaieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha hapa, kinasa sauti kikizunguka. Kujitenga kwa Katanga kumo. Lumumba yumo mara kwa mara. Lakini mchoraji hasimulii jimbo, anasimulia nchi, na ndani ya nchi anasimulia mambo ambayo wazungu wa rafu yetu hawakuyagusa: kiboko, foleni, mgomo, mke anayemletea mumewe chakula gerezani. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu kina majina mawili ndani yake, lakini ukikisoma kwa makini utasema mwandishi ni mmoja, na siye yule profesa.

Na kuna kitabu cha André Yav. Kiliandikwa mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Elisabethville, na jina lake la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, linamfanya msomaji atarajie kamusi. Hakina uhusiano wowote na kamusi. Ni historia ya mji iliyoandikwa kwa niaba ya watu waliokuwa maboi, wale waliopika, waliofua, waliolea watoto wa wazungu na kusikia kila kilichosemwa mezani. Ni kurasa chache zilizopigwa chapa na kurudufiwa, zisizofuata kanuni za tahajia wala mahali pa kukata neno. Fabian na mwenzake Kalundi Mango walipokuja kukihariri kwa ajili ya toleo la 1990, ilibidi kisomwe kwa sauti ndipo kieleweke, kwa kuwa Yav aliandika kama mtu anayezungumza barazani na wenzake. Ndani yake Leopold, Msiri, waanzilishi wa mji na mabwana wa makampuni wanapita, lakini wanapita mbele ya macho ya waliokuwa wamesimama na sinia. Kinachopimwa ni nani alilipa mshahara, nani alipiga, nani alimwacha mtumishi wake bila kitu alipozeeka.

Nalinganisha kurasa hizo na za O'Brien, zilizotangulia kwa miaka mitatu tu. Mji ni mmoja, na mitaa ni ileile. O'Brien ana ufasaha ambao Yav hana. Yav ana jambo ambalo O'Brien hawezi kulipata kwa ufasaha wowote: anajua nani alipika chakula cha usiku ule. Na jina alilochagua ni la mji, mwaka mmoja kabla mji haujabadilishwa kuwa Lubumbashi. Hata yeye jina lilimtoroka.

Historia hii ya waliobaki iliendelezwa chuo kikuu cha hapahapa. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu chenye jina ambalo mtu wa hapa halisomi bila kuguswa: Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Katanga ipo, lakini imeshushwa kwenye kijina cha chini. Baba ni kampuni, Union Minière na kisha Gécamines, iliyompa mfanyakazi nyumba, posho ya unga, hospitali, shule ya mtoto, na hata maelekezo ya namna ya kuoa. Kisha ikaanguka. Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 ilizalisha kama tani 30,000. Mnamo 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa fungu la mwisho waondoke "kwa hiari", kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Dibwe anaonyesha yaliyofuata ndani ya nyumba: mke ndiye anayeuza sokoni na kuleta chakula, baba anakaa kimya, watoto hawamwogopi tena.

Tangu 2015 hakuna jimbo linaloitwa Katanga. Lilikatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwaka uliofuata Erik Kennes na Miles Larmer walichapisha kitabu kuhusu majandarmu wa Katanga, wale askari wa Tshombe waliokimbilia Angola na kurudi kushambulia Shaba mwaka 1977 na 1978. Ni kitabu cha wageni, na kwa maoni yangu ndicho cha haki kuliko vyote vya wageni, kwa kuwa kinawachukulia askari hao kama watu waliotaka kurudi kwao badala ya vibaraka wa mtu mwingine.

Kimebaki kitabu kimoja kisichostahili kuwa kwenye rafu hii, kwani Katanga haimo jaladani wala ndani. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na sasa anaishi Graz, Austria. Riwaya yake Tram 83, ya mwaka 2014, inahusu mji wa machimbo, baa, wasichana, wanafunzi waliogoma, watalii wa faida na wachimbaji wa usiku. Msomaji wa Lubumbashi anautambua mji huo kwa kurasa mbili. Mwandishi hautaji. Anauita Ville-Pays tu, mji ambao ni nchi, uliojitenga na nchi nyingine iliyoko nyuma yake, na jenerali mmoja akiwa ndiye sheria. Kujitenga kule kwa 1960, pamoja na almasi, mamluki na wawekezaji wa kila rangi, kumegeuzwa kuwa muziki na kelele, na jina lililouza vitabu vyote vile limeachwa nje. Riwaya inaanzia stesheni. Treni ya Wilbur Smith inaondoka mjini na mamluki wake. Hapa mhusika Requiem anasubiri treni inayoingia, nayo inamleta rafiki yake Lucien, mtu asiye na bunduki wala kibali cha kuchimba, ambaye anataka kuandika.